Miradi ya kampuni ya madini: nani anachagua?

Kampuni ya madini ikifika mu kijiji, watu wanauliza kwanza: kazi iko? Kuna ulizo lingine. Sheria ya madini iliyorekebishwa Machi 2018 inalazimisha kampuni inayochimba kutia sahihi cahier des charges pamoja na wakaaji: miradi, bei na tarehe zake. Tena, angalau 0,3% ya mauzo yake ya kila mwaka inaenda kwa maendeleo ya jamii. Feza hizo si zawadi. Kamati inayozisimamia iko na wajumbe wa jamii ndani.

Lakini kama machifu na wazee wanaume tu ndio wanaketi, mama anayechota maji mbali, nani atasema kisima chake kichimbwe wapi? Mkutano ukitangazwa, ulizeni nani anawasemea, na mumpe orodha yenu kabla hajatia sahihi.