Kuku Wako, Manati ya Nini?

Hapa ninapokaa Tetu, Nyeri, adhana haifiki. Kuku ndio wanijulishao kuwa Magharibi imekaribia.

Mwanzo nikiwaswaga kwa fimbo, nao wakipanda mtini. Asubuhi moja nikakuta manyoya tu: mtetea wangu kaliwa na paka-mwitu.

Bibi jirani akanifunza. "Mwanangu, kuku haswagwi, huitwa. Chakula cha jioni wape bandani, jua halijatua. Aliyebaki mtini mngoje kiza kiingie. Haoni, utambeba kama mtoto."

Basi nikakumbuka kuwa Mtume (S.A.W.) ametuusia kufunga milango usiku uingiapo, kwa kutaja jina la Mungu. Sasa kila jioni nawahesabu: tisa, wote. Nakomea mlango, Bismillahi, ndipo naenda kutawadha.