Fimbo Haitibu ADHD

"Daktari, hii ADHD si mambo ya Wazungu? Huyu wangu anahitaji fimbo tu." Naulizwa hivi hospitalini, sokoni, hata kwenye basi la Dareda hapa Manyara, na uvumilivu umeniisha.

Mwaka 2014 watafiti walilinganisha tafiti 135 za ADHD, yaani hali ya mtoto kushindwa kutulia na kuzingatia, kutoka mabara mbalimbali. Viwango vya watoto wenye hali hiyo vilitofautiana kwa sababu ya namna watoto walivyopimwa, si kwa sababu ya bara walikozaliwa. Mtoto wa Kiiraqw, Kigorowa au Kirangi anaweza kuwa nayo kama wa London. Ila anayeshinda malishoni huitwa mchangamfu. Ukorofi wake huanza kuonekana akiketishwa darasani. Na msichana anayeduwaa kimya haletwi hospitalini kabisa.

Sasa hiyo fimbo. Mtoto huyu kanuni anazijua. Muulize, atakutajia zote. Anachokosa ni breki ya kumzuia sekunde ileile anapotaka kuinuka. Viboko vya saa sita kwa kosa la saa mbili haviifikii sekunde hiyo. Anatulia, ndiyo, kwa woga, na mtoto anayesikilizia hatua za mwalimu nyuma yake hasikii hesabu. Utafiti mwingine wa 2014, wa wanafunzi wa shule za msingi hapa Tanzania, ulikuta waliopigwa zaidi ndio wenye ukorofi zaidi. Mtaniambia walipigwa kwa sababu ni wakorofi. Haya, basi wangekuwa wamepona! Hao ndio waliopata dozi kubwa kuliko wote.

Fanyeni hivi. Kwanza pimeni masikio na macho. Anayekatika ghafla, macho yameganda, achunguzwe kifafa. Mabuu ya tegu wa nguruwe yanayoingia ubongoni ni chanzo cha kifafa kinachojulikana hapa Manyara. Mwalimu, mkalishe mbele, mpe agizo moja moja, msifu papo hapo. Mzazi, usimpe dawa ya mafua ili alale. Kama dalili zilianza kabla ya miaka 12, zimedumu miezi sita na zinaonekana nyumbani na shuleni, ombeni rufaa ya kwenda hospitali ya KCMC, Moshi, au ya Mirembe, Dodoma. Dawa zipo, na huandikwa na bingwa.

Mkija, leteni madaftari ya mtoto na barua ya mwalimu ikieleza anachokiona. Hayo ndiyo tunayoyategemea, maana kipimo cha damu cha ADHD hakipo.