Mhimili uliolala: namna ya kupata picha safi za nyota katika anga la Bariadi

Mji wa Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu ulioanzishwa mwaka 2012, uko takriban digrii 2.8 kusini mwa ikweta, na nafasi hiyo humpa mpiga picha wa anga neema na usumbufu kwa pamoja. Neema ni kwamba karibu kila nyota inayoonekana duniani huchomoza juu ya Simiyu katika mzunguko wa mwaka, kuanzia galaksi ya Andromeda upande wa kaskazini hadi Mawingu ya Magellan, yaani galaksi mbili ndogo zilizo jirani na galaksi yetu, upande wa kusini. Usumbufu ni kwamba darubini nyingi zinazouzwa zimebuniwa kwa ajili ya mtu anayeishi Ulaya au Marekani, na mwongozo wake humwelekeza mtumiaji atafute nyota ambayo Bariadi haionekani kamwe. Ndiyo maana katika ukanda huu anayejua kutega darubini ndogo na kuchakata picha zake kwa subira humshinda aliyenunua darubini kubwa.

Chanzo cha ugumu wote ni mwendo wa Dunia yenyewe, ambayo hujizungusha mara moja kwa saa 23, dakika 56 na sekunde 4, kiasi kwamba nyota huonekana kusogea kwa sekunde 15 za tao katika kila sekunde moja ya saa. Sekunde ya tao ni sehemu moja kati ya 3,600 za digrii, kipimo ambacho macho matupu hayakihisi, lakini kamera hukihisi mara moja. Darubini yenye urefu wa fokasi wa milimita 400, ikifungwa kamera ambayo pikseli zake (vile vipande vidogo vinavyopokea mwanga) zina upana wa mikromita 4, huona sekunde 2 hivi za tao kwa kila pikseli, kwa hiyo nyota huvuka pikseli 7 kwa sekunde na kuacha mchirizi badala ya nukta. Dawa yake ni kitako cha kiikweta, yaani kishikizi cha darubini ambacho mhimili wake mmoja huelekezwa sambamba na mhimili wa Dunia, kisha mota ikauzungusha kwa kasi ileile ya anga.

Mjini London mpiga picha huelekeza mhimili huo kwenye Kutubu, nyota iliyo karibu kabisa na ncha ya kaskazini ya anga, ambayo kule husimama digrii zipatazo 51 juu ya upeo wa macho. Bariadi, Kutubu iko chini ya upeo huo usiku kucha, wakati ncha ya kusini imeinuka kwa digrii 2.8 tu, nyuma ya miti na mapaa ya nyumba, ndani ya vumbi na ukungu wa chini, na nyota inayoitambulisha, Sigma Octantis, ni hafifu kiasi cha kuonekana kwa taabu hata ingekuwa juu zaidi. Kuna pia tatizo la chuma chenyewe, kwa kuwa vitako vingi haviinamishiki chini ya digrii 10 au 15. Hapo fundi seremala huwa na msaada kuliko duka la mtandaoni. Ikiwa kitako kimegota kwenye digrii 15, stendi nzima inapaswa kuinamishwa kuelekea kusini kwa digrii 12 hivi, na kwa miguu iliyoachana sentimita 80 kutoka nyuma hadi mbele, hilo hupatikana kwa kuweka kabari za mbao ngumu zenye kimo cha sentimita 17 chini ya miguu miwili ya nyuma. Uzito wa kusawazisha unaoning'inia upande wa pili wa darubini usigonge mguu wa stendi pale mhimili unapokaribia kulala, na stendi yenyewe ipimwe uthabiti kabla ya kubebeshwa kamera.

Baada ya hapo ulinganifu hutafutwa kwa kuchunguza namna nyota inavyohama. Nyota ya kwanza huchaguliwa karibu na utosi, mahali ambapo ikweta ya anga hupita kwa Bariadi, ikawekwa kwenye makutano ya nyuzi za lenzi ya macho na kuachwa dakika 5 au zaidi mota ikifanya kazi. Ikisogea kaskazini au kusini, mhimili umeelekea kushoto au kulia mno, na husahihishwa kidogo kidogo hadi mwendo huo ukome. Nyota ya pili, iliyo chini upande wa mashariki, hufichua kama mhimili umeinuka au umeshuka kupita kiasi. Zoezi hili linachosha, na mwenye uwanja wa saruji hufanya busara kuweka alama za rangi pale miguu ya stendi ilipokaa. Mwenye kompyuta anaweza kutumia programu ya bure ya N.I.N.A., ambayo kwa nyongeza yake maalumu hupiga picha tatu katika sehemu yoyote ya anga, huzitambua nyota zilizomo na kukokotoa kosa la mhimili bila kuhitaji kuiona ncha.

Asiye na kitako cha kiikweta hajafungiwa mlango, na hapa ndipo jiografia ya Simiyu inapolipa fadhila. Kitako cha kawaida, kinachokwenda juu na chini, kushoto na kulia, hata kikiifuata nyota bila kukosea huacha taswira ijizungushe polepole ndani ya kamera, na nyota za pembeni huchora vitao. Kasi ya mzunguko huo hutegemea upande unaotazamwa. Omega Centauri, lundo linalokadiriwa kuwa na nyota milioni 10, linapokuwa kusini kabisa kwa kimo cha digrii 45, taswira huzunguka kwa digrii 21 kwa saa. Nebula ya kundinyota la Jabari, wingu la gesi lililo chini ya zile nyota tatu zilizopangana, ikiwa mashariki kwa kimo hichohicho, huzunguka kwa chini ya digrii 2. Kwa picha ya sekunde 30, nyota iliyo pikseli 2,500 kutoka katikati huburutwa pikseli karibu 8 katika hali ya kwanza, na chini ya pikseli moja katika ya pili. Mwenye kitako rahisi, basi, awinde mashariki na magharibi na auache upande wa kusini kwa siku atakapopata kifaa bora.

Fokasi huharibu picha nyingi kuliko mota mbovu, na tiba yake haigharimu hata shilingi elfu kumi. Barakoa ya Bahtinov, iliyopewa jina la mbunifu wake wa Urusi, Pavel Bahtinov, ni kipande cha kadibodi kilichokatwa mianya myembamba ya mielekeo mitatu na kuvikwa mdomoni mwa darubini. Nyota angavu ikitazamwa kupitia mianya hiyo huota miali mitatu: miwili huunda umbo la X na wa tatu huteleza kati yake kadiri kirungu cha fokasi kinavyozungushwa. Mwali huo wa tatu ukipita katikati ya makutano, fokasi imekamilika, na barakoa huondolewa kabla ya picha kuanza.

Majira nayo yana sauti. Kiangazi cha Juni hadi Septemba huja na anga kavu, na mwezi Julai kiini cha Njia ya Maziwa, ambayo ndiyo galaksi yetu, hufika kimo cha digrii 64 kwenye saa 5 usiku. Hata hivyo huo ndio msimu wa malori ya pamba kwenye barabara za vumbi na wa moshi wa masalia ya pamba yanayochomwa ili kuua wadudu, na moshi huo hutawanya mwanga wa taa za mji na kufifisha nebula. Ni afadhali kusubiri baada ya usiku wa manane, vumbi likishatua; Septemba, kwenye saa 9 usiku, Jabari huwa tayari imepanda vya kutosha mashariki. Kulenga darubini juu ya paa la bati mapema usiku pia ni kosa, kwa sababu bati huachilia joto la mchana na hewa inayopanda huzifanya nyota zitetemeke.

Picha moja ya anga hujaa chenga, yaani madoadoa ya nasibu yatokanayo na uchache wa mwanga na umeme wa kamera yenyewe. Chenga hupunguzwa kwa kupandanisha picha nyingi za kitu kilekile, kwa vile mwanga wa nyota hujirudia palepale ilhali chenga hubadilika kila mara. Ubora hukua kwa kipeuo cha pili cha idadi, hivyo picha 64 huleta ubora mara 8 na kuufikisha mara 16 hudai picha 256. Kamera iwekwe kwenye mfumo wa data ghafi, ambao kwa kawaida huwa na ngazi 16,384 za mwanga, wakati picha ya kawaida ya JPEG hubakiwa na ngazi 256, na nebula hafifu hupotelea ndani ya ngazi chache za chini. Huongezwa picha za giza, zinazopigwa mdomo wa darubini ukiwa umefunikwa, kwa muda na joto vilevile, ili kuondoa kasoro za kamera, na picha za mwanga sawia, zinazopigwa alfajiri kwa kutandaza kitambaa cheupe mdomoni. Hizi za mwisho Simiyu si za hiari, kwa kuwa ndizo zinazofuta vivuli vya duara vinavyoachwa na vumbi, mradi kamera na fokasi visiguswe kabla. Programu ya bure ya Siril hufanya hesabu zote hizo, kisha huinua mwanga wa sehemu hafifu bila kuunguza nyota. Mkono mzito hapa huzaa anga jeusi tititi na nebula zenye rangi za pipi. Weusi wa kadiri huwa karibu zaidi na ukweli.

Afya ya mpiga picha haipaswi kusahauliwa katika shughuli hizi. Jicho huhitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na mwanga mweupe wa simu huvunja mazoea hayo papo hapo, jambo linalofanya taa nyekundu hafifu ipendekezwe. Mbu waenezao malaria huuma usiku, kwa hiyo mikono mirefu, soksi na dawa ya kupaka ni sehemu ya vifaa. Hatari kubwa zaidi iko mchana, kwa sababu retina, yaani utando wa nyuma ya jicho, haina neva za maumivu na huungua bila mtu kujua anapolitazama Jua kwa darubini. Tarehe 1 Septemba 2016 Jua lilipatwa na kubaki pete juu ya Rujewa mkoani Mbeya, na 2 Agosti 2027 kupatwa kamili kutapita Misri, Saudi Arabia na Somalia, huku Tanzania ikiona Jua likimegwa sehemu. Kichujio cha Jua hufungwa mbele ya mdomo wa darubini, kamwe si kwenye lenzi ya macho, ambako joto lililokusanywa linaweza kukipasua ghafla mtu akiwa anachungulia.