Dereva wa teksi ndani ya MRI

Dereva wa teksi nyeusi ya London amelala chali ndani ya mashine ya MRI inayopiga picha ubongo wake, vidole vipo kwenye vitufe vya gemu, anakata kona. Gemu lenyewe ni The Getaway la PlayStation 2, lililotungwa kwa ajili ya ujambazi na kukimbizana na polisi. Lakini mitaa yake ni ya London halisi, na Eleanor Maguire na Hugo Spiers wa University College London walilitumia kwa kazi ya halali: abiria anataja aendako, dereva anampeleka. Akishatoka mashineni anaonyeshwa safari yake upya, na kila hatua anaulizwa: hapa ulikuwa unawaza nini?

Tangu nilisome jaribio hilo halijanitoka.

Madereva hao, ili wapate leseni, hukariri mitaa ipatayo 25,000 iliyo ndani ya maili 6 kutoka Charing Cross. Mwaka 2000 Maguire alikuwa ameshaonyesha kwamba sehemu ya nyuma ya hipokampasi yao, kiungo cha kumbukumbu kilichomo ndani kabisa ya ubongo, ni kubwa kuliko ya watu wengine. Labda walizaliwa hivyo? Akawafuatilia wanafunzi 79 wa udereva huo. Waliofaulu ni 39, na kwao tu ndipo kiungo kilipokua. Madereva wa mabasi, wanaokula foleni zilezile lakini kwa njia waliyopangiwa, hawakuwa na hipokampasi ya namna hiyo.

Basi ungetarajia ndani ya gemu hipokampasi ichape kazi mwanzo hadi mwisho. Wapi! Matokeo ya mwaka 2006 yalionyesha inashtuka pale abiria anapotaja aendako na njia inapopangwa, kisha inatulia. Njiani dereva anawaza mengine, hata abiria wake anawaza nini.

Na utaalamu huo una gharama. Madereva wakipewa mchoro wenye mistari mingi, wakaambiwa wauchore tena baada ya nusu saa bila kuutazama, wanashindwa na watu wa kawaida. Maguire hakulificha hilo, kama ambavyo hakuficha kwamba yeye mwenyewe alikuwa mbovu wa njia, mtu wa kupotea mara kwa mara. Nilipolisoma hilo la kupotea nilimpenda zaidi; alifariki Januari 2025.

Linalonikera ni hiyo sekunde ya kupanga. Bodaboda wa Dar es Salaam anayefuata ramani ya simu ameiachia simu sekunde hiyohiyo. Usukani ni wake, hesabu si yake. Je, anageuka dereva wa basi? Na kama hipokampasi ya mwenye teksi ilinenepa kwa kulipia mahali pengine, huyu wa simu anapunguziwa kitu, au anasamehewa deni?