Kromatografia ya Gesi: Mizani ya Mimumunyo Hafifu

Wanafunzi wengi wa kemia huijua kromatografia ya gesi kuwa njia ya kutenganisha vitu vilivyochanganyika. Mwaka 1941 A.J.P. Martin na R.L.M. Synge wa Uingereza walidokeza kwamba gesi ingeweza kushika nafasi ya kioevu kinachotiririka. Mwaka 1952 A.T. James na Martin wakalitimiza wazo hilo. Yafaa ieleweke kwamba chombo hichohicho hupima pia jinsi molekuli zinavyovutana ndani ya mmumunyo.

Ndani ya bomba jembamba huwekwa punje zilizopakwa kioevu kizito kisichogeuka mvuke kwa urahisi. Kioevu hicho ndicho kiyeyushaji. Gesi kama heli hupitishwa, kisha huingizwa kiasi kidogo mno cha kiyeyuka. Molekuli ikiwa katika gesi husafiri. Ikiwa katika kioevu hubaki pale ilipo. Kwa hiyo kiyeyuka kinachovutwa sana na kioevu huchelewa kutoka. Kwa kuwa kiasi chake ni kidogo, kila molekuli yake huzungukwa na kiyeyushaji peke yake.

Uhusiano wenyewe ni huu:

γ = nRT / (PV)

Hapa n ni moli za kiyeyushaji, R ni 8.314, T ni jotoridi katika kelvini, na P ni kanieneo ya mvuke wa kiyeyuka kilicho safi. V ni ujazo wa gesi uliohitajika kukitoa kiyeyuka, baada ya kuondoa ule uliojaza nafasi tupu za bomba na kusahihisha upungufu wa kanieneo njiani. Kizigeu γ kikiwa 1, mmumunyo ni kamilifu. Kikizidi 1, kiyeyuka huelekea kukikimbia kiyeyushaji.

Tuchukue mfano: n = 0.01, T = 323, P = 10,000 Pa, V = 0.001 m³. Basi nRT ni 26.85, PV ni 10, na γ ni takriban 2.7. Vipimo vikirudiwa katika jotoridi mbalimbali, tunaweza kukokotoa pia joto la kumumunyika.

Faida yake ni kubwa. Benzini huchemka kwenye 80.1°C na saikloheksani kwenye 80.7°C, kuvitenganisha kwa kukeneka tu ni vigumu mno. Mhandisi hutafuta kiyeyushaji ambamo γ za viwili hivyo hutofautiana sana, na kromatografia humwonyesha upesi. Uchafu kidogo katika sampuli haudhuru, kwani bomba huutenga.

Lakini tahadhari inahitajika: punje zikinasa mvuke zenyewe, au kiyeyushaji kikipotea kidogo kidogo na gesi, jibu litapotoka.

Zoezi: katika mfano wetu, V ingekuwa kiasi gani kama mmumunyo ungekuwa kamilifu?