Mkorogo: Anayechora bango naye anahusika?

VITA dhidi ya mkorogo nchini imewalenga zaidi waingizaji, wauzaji na watumiaji wa vipodozi vyenye sumu. Aliyesahaulika ni yule anayechora uso uliong'arishwa kwenye bango la saluni.

Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vilipigwa marufuku Tanzania mwaka 2003, chini ya usimamizi wa iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA). Mwaka 2019 jukumu la vipodozi lilihamishiwa Shirika la Viwango (TBS). Zebaki hupenya kwenye ngozi na kuharibu figo, na kwa mama mjamzito huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni.

Katika maeneo kama Mwananyamala, mchoraji wa mabango hupata riziki kwa wenye saluni na maduka ya vipodozi. Mteja huleta picha, hueleza anachotaka na kutanguliza sehemu ya malipo. Makubaliano huwa ya mdomo. Mchoraji akikataa, kazi huenda kwa jirani. Hivyo si haki kumhukumu haraka fundi anayetafuta kodi ya chumba.

Wabunifu wa nchi nyingine waliamua kulijadili suala hili kwa maandishi. Novemba 1963, jijini London, Ken Garland aliandika tamko lililochapishwa mwaka 1964 likiwa na saini za watu 22. Walilalamika kuwa vipaji vinapotea katika kutangaza vitu kama chakula cha paka na dawa za kuotesha nywele, ilhali alama za barabarani, vitabu na zana za kufundishia vinahitaji ujuzi huohuo.

Tamko hilo lilihuishwa kuelekea mwaka 2000 kwa saini 33, na safari hii lilipata mpinzani. Mbunifu wa Marekani, Michael Bierut, alijibu kwa maandishi kuwa wengi wa waliotia saini hawakuwa wakiishi kwa kazi za matangazo walizozikemea. Hoja hiyo ina uzito hata Mwananyamala: aliyeshiba hukataa kazi kwa urahisi. Bila maandishi, pengine lawama na utetezi huo visingewahi kupimwa pamoja.

Mwaka 2002 Milton Glaser, naye wa Marekani, aliandika maswali 12 ya kumpima mbunifu. La kwanza lilihusu kifungashio kinachofanywa kionekane kikubwa dukani. La mwisho, tangazo la bidhaa inayoweza kumuua mtumiaji. Bango la mkorogo lingekaa karibu na mwisho wa orodha hiyo.

Hata hivyo, mchoraji hana sababu ya kumfukuza mteja. Saluni hiyohiyo huuza misuko, na misuko huchorwa vizuri juu ya uso wenye rangi yake ya asili. Pendekezo hilo anaweza kulitoa kabla ya kupokea fedha.