Goma: Njia ya kurukia ndege isiyotunzwa huleta madhara gani?

Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 17 Januari 2002, lava iliteremka hadi katikati ya mji wa Goma, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, ikateketeza maelfu ya nyumba na kufunika sehemu ya kaskazini ya njia ya kurukia ndege. Njia iliyokuwa na urefu wa takriban mita 3,000 ikabakiwa na mita 2,000 hivi. Lava ikapoa na kuwa jiwe, safari za ndege zikaendelea, na jiwe hilo likaachwa palepale kwa miaka kadhaa.

Tarehe 15 Aprili 2008, ndege aina ya DC-9 ya shirika la Hewa Bora ilishindwa kupaa ikitokea uwanja huo. Ilipitiliza mwisho wa njia, ikabomoa ukuta na kuingia katika mtaa wa Birere, wenye soko na makazi yaliyosongamana. Watu wapatao 40 walipoteza maisha, na wengi wao hawakuwa abiria bali wakazi na wachuuzi waliokuwa katika shughuli zao za kila siku. Mwaka uliofuata, tarehe 19 Novemba 2009, ndege aina ya MD-82 iliyotoka Kinshasa ilitua katika uwanja huohuo, ikashindwa kusimama kwa wakati na kuivamia lava iliyoganda. Safari hiyo hakuna aliyekufa, ingawa abiria kadhaa walijeruhiwa.

Ajali ya ndege ni nadra kuwa na chanzo kimoja. Injini, breki, mvua na maamuzi ya rubani vyote huchunguzwa, na ni haki vichunguzwe. Hata hivyo, njia fupi au mbovu hufanya jambo moja ambalo halionekani katika siku za kawaida: huondoa akiba ya usalama ambayo rubani huitegemea pale mambo yanapokwenda kombo.

Mita zinazopotea ni mita za kusimamia

Kabla ya kila safari, marubani hukokotoa kasi ya uamuzi. Hitilafu ikitokea kabla ya ndege kufikia kasi hiyo, rubani hufunga breki na kusimama ndani ya njia iliyobaki. Ikitokea baada ya hapo, hana budi kupaa, kwa sababu njia haitoshi tena kusimama. Hesabu hiyo huzingatia uzito wa ndege, joto, upepo na urefu wa uwanja kutoka usawa wa bahari. Goma iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500, ambako hewa ni nyepesi na ndege huhitaji kukimbia umbali mrefu zaidi kuliko ingehitaji Mombasa au Dar es Salaam. Kuikata njia ya namna hiyo kwa theluthi moja ni kupunguza mahali penye haja kubwa ya kuongezwa.

Ndiyo maana Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, linataka pawepo eneo tupu la usalama baada ya mwisho wa njia, lisilopungua mita 90 na ikiwezekana lifike mita 240. Eneo hilo linakusudiwa kuipokea ndege iliyopitiliza bila kuivunja. Goma, upande mmoja ulikuwa na jiwe la volkano na upande wa pili nyumba za watu.

Maji, mpira na utelezi

Si kila ubovu huonekana kama lava. Ulio wa kawaida zaidi hutokana na matumizi yenyewe. Magurudumu ya ndege huwa hayazunguki yanapogusa ardhi. Kwa muda mfupi huburutwa, mpira wake huyeyuka na kuganda juu ya lami. Kadiri miezi inavyopita, mpira huo huziba vinyweleo vya lami, na eneo la kutulia huwa laini kama sakafu iliyosuguliwa. Jua likiwaka, hakuna anayeona tofauti. Mvua ikinyesha, maji hukosa pa kwenda, tairi hupanda juu ya utando wa maji badala ya kushika ardhi, na breki zinakuwa kama hazipo. Kwa viwango vya ICAO, maji yanayozidi kina cha milimita 3 yanatosha kuhesabiwa kuwa ni yaliyotuama, na marubani wapaswa kuarifiwa.

Tiba yake inajulikana. Mpira huondolewa kwa maji yenye msukumo mkubwa, na lami huchongwa mifereji midogo inayokatiza njia ili maji yatoke upesi. Brazil ilijifunza kwa uchungu uzito wa mifereji hiyo. Tarehe 17 Julai 2007 ndege ya shirika la TAM ilipitiliza njia ya uwanja wa Congonhas mjini São Paulo wakati wa mvua na kugonga jengo. Watu 199 walifariki. Njia hiyo ilikuwa imetoka kuwekwa lami mpya na kufunguliwa kabla mifereji haijachongwa. Wachunguzi walibaini kuwa ndege hiyo ilikuwa na tatizo kubwa zaidi, kwani mkono unaodhibiti nguvu ya injini moja haukuwa umerudishwa mahali pake, lakini mjadala wa njia yenye utelezi haukukoma.

Tangu tarehe 4 Novemba 2021, ICAO imeanzisha mfumo mmoja wa dunia nzima wa kueleza hali ya njia, kwa alama kuanzia 0 hadi 6. Sita ni njia kavu. Sifuri ni njia isiyofaa kutumika. Mfumo ni mzuri, ila unahitaji mtu wa kutoka nje na gari wakati wa mvua, akague njia na kutoa taarifa mara moja. Katika viwanja vidogo vya mikoani mtu huyo, au gari lake, ndiye anayekosekana.

Kipande kimoja cha chuma

Lami inayochakaa hupasuka, nyufa huingiza maji, na kokoto hubanduka. Injini za ndege hufyonza hewa kwa nguvu nyingi, hivyo kokoto zilizolegea huweza kuvutwa ndani na kuharibu mapanga yake, au kurushwa na magurudumu na kutoboa bawa.

Mfano unaotajwa zaidi haukutokea katika nchi maskini. Tarehe 25 Julai 2000, ndege ya Concorde iliyokuwa ikiondoka uwanja wa Charles de Gaulle, Paris, ilikanyaga kipande cha chuma chenye urefu wa takriban sentimita 43 kilichodondoka kutoka ndege iliyoitangulia kwa dakika chache. Tairi lilipasuka, kipande cha mpira wake kikapiga bawa lenye tangi la mafuta, na moto ukawaka. Watu 113 walikufa. Siku hiyo ukaguzi mmoja wa njia uliokuwa umepangwa haukufanyika kwa sababu ya zoezi la wazimamoto.

Utunzaji huanzia hata kwenye uzio. Julai 2005, ndege ya Air France iligonga ng'ombe waliokuwa wameingia katika njia ya uwanja wa Port Harcourt, Nigeria.

Gharama ya kuahirisha

Lami ya njia za ndege huwa na umri wake, na mamlaka zinaujua. Njia ya uwanja wa Abuja ilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa makadirio ya kudumu miaka 20. Ilitumika kwa zaidi ya miaka 30. Hatimaye mji mkuu wa Nigeria, wenye njia moja tu, ulilazimika kufunga uwanja wake kuanzia tarehe 8 Machi 2017 kwa takriban wiki sita, na abiria wakapelekwa Kaduna na kusafirishwa kwa barabara chini ya ulinzi. Kukarabati kipande kwa kipande nyakati za usiku kungekuwa nafuu, lakini bajeti ya kuziba nyufa haina uzinduzi wala utepe wa kukatwa.

Congo nayo iliungwa mkono na Benki ya Dunia, iliyoidhinisha dola milioni 52 mwaka 2015 kwa ajili ya kuboresha usalama wa uwanja wa Goma. Nyiragongo ilipolipuka tena tarehe 22 Mei 2021, lava ilisimama kabla ya kuifunika njia.

Kilichoufunga uwanja huo baadaye ni vita. Waasi wa M23 waliuteka mji mwishoni mwa Januari 2025, baada ya mapigano yaliyofika hadi uwanjani, na safari zikasitishwa. Mashirika ya misaada yakapoteza mlango wao mkuu wa kuingilia mashariki mwa Congo. Oktoba mwaka huohuo, katika mkutano mjini Paris, Rais Emmanuel Macron wa Ufaransa alitangaza mpango wa kuufungua kwa ndege za misaada.

Kuruhusu ndege kutua ni hatua ya kisiasa, nayo hufuatwa na kazi ya mafundi. Njia iliyolala kwa miezi huota majani katika nyufa, mifereji ya kando huziba na taa huibwa au kufa. Pale palipopiganwa, kila mita sharti itembelewe kwa miguu kutafuta maganda ya risasi na mabomu yasiyolipuka kabla tairi la kwanza halijagusa lami.